Rangi Siiondoi

Kuna maneno manne niliyoambiwa Jumapili moja asubuhi, nayo hadi leo hayajanishuka kooni. Nilikuwa nimesimama kwenye uwazi wa msitu nje ya mji wa Sheffield, huku Uingereza ninakoishi mwaka wa 19 sasa, nimeshika bunduki ya bandia niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe tangu ubao wa kwanza hadi skrubu ya mwisho. Mwenzangu mmoja wa klabu, fundi hodari na mtu ninayemheshimu, aliichukua, akaigeuzageuza, akalivuta komeo mara mbili na kusikiliza linavyorudi, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Kisha akapitisha mkono juu ya sehemu ya mbele, niliyoipaka manjano ya kuumiza macho, akaguna. "Toa rangi, utakuwa umemaliza."

Alisema kwa Kiingereza, lakini kwa lugha yetu maneno ni hayo manne. Hakuwa na nia mbaya. Wawili watatu waliokuwa karibu waliitikia, na mmoja akajitolea kuniletea dawa ya kubandulia rangi. Nilicheka nao, nikashukuru, nikaenda zangu kucheza. Njiani kurudi nyumbani, ndani ya basi, hasira ikanipanda, na hasira ya ndani ya basi ni mbaya kwa kuwa huna wa kumjibu. Basi nawajibu hapa. Nilikuwa nimemaliza. Bunduki ile ilikuwa haijaisha siku zile ilipokuwa haina rangi, ilipofanana na ya kweli kiasi cha kumdanganya polisi. Siku niliyoipaka ndipo ilipokwisha. Na imani hii iliyoenea miongoni mwa mafundi wa vitu hivi, kwamba sifa ya juu kabisa ya kitu cha bandia ni kumfanya mtu asijue kuwa ni cha bandia, naiona ni imani potofu tena ya hatari, na sioni haya kuisema hivyo mbele ya watu walionishinda ufundi.

Msomaji asiyeujua mchezo huu aniwie radhi nimweleze kwa ufupi. Huitwa easofti. Asili yake ni Japani, nchi ambayo raia wa kawaida huona taabu mno kumiliki bunduki, na kwa hiyo waliopenda umbo la silaha walijitengenezea za bandia, zenye kurusha vitufe vya plastiki vya milimita 6 kwa nguvu ya upepo. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ilitoa bunduki yake ya kwanza ya namna hiyo inayoendeshwa kwa mota na betri, na mchezo ukazidi kusambaa duniani. Watu hugawanyika makundi mawili, hufunika macho kwa miwani migumu, huingia msituni na kuwindana. Anayepatwa na kitufe hupaza sauti kuwa amepatwa, akatoka. Hakuna mwamuzi awezaye kuona kila kitufe kinapogusa nguo ya mtu. Mchezo mzima umesimama juu ya ukweli wa mchezaji mwenyewe, na hilo ndilo lililonivuta mimi.

Dada yangu mkubwa aliyeko Tanga halimvuti hata kidogo. "Mdogo wangu," aliniambia kwa simu, "una miaka 51, karibu utaitwa babu, umekwenda Ulaya kuchezea bunduki za bandia?" Nikamjibu, "Dada, nilianza kuzichezea hapo hapo uani kwetu, na shahidi ni wewe." Na ni kweli. Tulikuwa tukikata uti wa jani la mgomba, tukauchanja ndimi tano sita zilizosimama mgongoni. Ukizipitishia kiganja kwa haraka zinalala moja baada ya nyingine, ta-ta-ta-ta. Silaha ile ilikuwa ya kijani, ilitoa utomvu wenye kutia shati madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na ikifika jioni ilikuwa imenyauka. Hapakuwa na mtu mzima ambaye angeiogopa. Wala furaha yetu haikupungua kwa sababu hiyo. Tulikufa mara kumi kwa siku, kisha tukaitwa kula. Hata neno lenyewe, bandia, nililijua kwanza kwa mtoto wa bandia wa huyo huyo dada yangu, mwenye mwili wa vitambaa na macho ya vifungo. Alimbeba, akamwimbia, akamgombeza, huku akijua fika kuwa ni matambara.

Nilichagua kutengeneza Lee-Enfield kwa ajili ya babu yangu mzaa mama. Alikuwa askari wa KAR, akapelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua kubwa za huko, matope yakiwafika magotini. Bunduki hiyo ya Kiingereza, ya risasi za inchi .303 na yenye kubeba risasi 10, ndiyo aliyolala nayo. Alirudi, akashika minazi na mihogo yake, na sikumsikia hata mara moja akiisifu. Alichosimulia ni uzito wake, kwamba ni kama kilo 4, na kwamba mtu akiwa na homa kilo hizo huzaana. Nilitaka kuujua uzito huo begani. Sikuwa na sababu nyingine iliyo bora zaidi, na sitajisingizia kuwa nayo.

Mbao zilitoka kitandani. Wazazi walinipa kitanda cha mninga nilipooa, nami nikakisafirisha kwa meli pamoja na vyombo vingine. Hewa kavu ya nyumba za huku, zipashwazo moto mchana na usiku, ilikipasua tendegu moja na kuvilegeza viungo vyote, hata kila ukigeuka kinalia. Mke wangu akanunua kipya. Mbao za cha zamani zikakaa bandani miaka 6, kila mmoja wetu akimsubiri mwenziwe aseme zitupwe. Lee-Enfield haina ubao mmoja mrefu kama bunduki nyingine. Kitako chake ni kipande peke yake, na sehemu ya mbele inayoubeba mtutu ni kipande kingine. Mfumbati mmoja ulinitosha kwa mbele, na matendegu mawili niliyoyaunganisha kwa gundi yalinipa kitako. Msumeno ulipoingia, banda zima likanukia karakana ya seremala, na vumbi likanikereketa pua vilevile kama nilipokuwa mtoto wa kutumwa misumari. Mninga hauna ugomvi na randa. Uliniadhibu mara moja tu, nilipokuwa nachimba mfereji wa mtutu kwa patasi yenye kinywa cha mviringo. Nilikuwa na haraka, ukuta wa upande ukatoka nje kama ganda la yai, ikanibidi kuubandika na kuusubiri siku mbili kwenye jiliwa.

Kazi ya chuma ndiyo iliyonitoa jasho. Ndani yake kuna silinda, ndani ya silinda pistoni ya nailoni yenye pete ya mpira, na nyuma ya pistoni springi. Ukivuta komeo, pistoni inarudi nyuma, springi inabanwa, na kipande kidogo cha chuma kinainuka kuishika. Ukivuta kifyatulio, kipande kile kinashuka, pistoni inakimbia mbele, na upepo ulio mbele yake hauna pa kupita ila tundu dogo lililo nyuma ya kitufe. Ni pampu ya baiskeli iliyo na haraka. Hayo ni rahisi kuandika. Kipande kile kidogo, kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, kilinila wiki tano. Cha kwanza nilikichonga kwa tupa kutoka chuma laini. Baada ya kufyatua mara 30 ukingo wake ulikuwa umelika. Cha pili nilikichonga kwa chuma kigumu zaidi, nikakitia moto hadi kikawa chekundu, nikakizamisha mafutani, nikasahau kukirudisha motoni kidogo ili kupunguza ukali wa ugumu wake, nacho kikavunjika kama biskuti. Cha tatu kilikuwa kigumu na kizima, ila nilikosea pembe yake kwa unene wa unywele, na bunduki ikawa inafyatuka yenyewe mara nilipolifunga komeo. Kitufe kilipasua glasi ya taa iliyokuwa juu ya kichwa changu, nikakaa gizani nikijitukana. Cha nne ndicho kilichomo hadi sasa.

Mtutu nao ni miwili: wa nje ni wa kutazamwa, wa ndani ni bomba la shaba nyeupe-manjano lenye tundu la milimita 6.05, na kitufe chenyewe kina milimita 5.95. Penye mwanzo wa bomba hilo kuna kinundu cha mpira kinachokigusa kitufe mgongoni kinapopita, kikatoka kikizunguka kinyumenyume, na mzunguko huo hufanya hewa ikibebe. Bila kinundu, kitufe huanguka kama embe bovu. Kwa kinundu, hufika mita 50 na zaidi. Nilipokipima, kitufe cha gramu 0.20 kilitoka kwa mwendo wa mita 120 kwa sekunde, yaani nguvu ya jouli 1.44. Sheria ya Uingereza iliyopitishwa mwaka 2017 huruhusu hadi jouli 2.5 kwa bunduki ya kufyatua moja moja, na 1.3 kwa ile inayomimina mfululizo. Nilikuwa ndani ya mpaka, nikamwita mke wangu aje kuona. Alikuja, akaona, akasema ana chapati motoni.

Mpaka hapo ilikuwa imepita miezi saba, na katika miezi hiyo saba sina la kujilaumu.

Miezi mitatu iliyofuata ndiyo ninayoigombeza hapa. Kwanza niliupaka mninga mafuta ya kitani, tabaka juu ya tabaka, kama bunduki zenyewe zilivyokuwa zikipakwa jeshini, na hilo sina neno nalo, kwani mbao huhitaji mafuta. Kisha nikaviweka weusi vyuma kwa dawa. Kisha nikaanza kuizeesha. Wenye mchezo huu wana elimu nzima ya kuzeesha: unapiga kitako kwa mnyororo kipate makovu ya vita ambavyo hakijaviona, unasugua kingo kwa msasa ili weusi ukwanguke pale mikono ya askari ingeshika, unatia udongo laini katika nyufa, unagonga juu ya chuma herufi na mwaka wa kiwanda ambacho hakikuijua. Bunduki hizo zamani zilikuwa na kisahani cha shaba ubavuni mwa kitako, kilichogongwa alama za kikosi. Nami nikatengeneza kisahani, nikagonga juu yake KAR na namba ya babu yangu. Nilifanya yote hayo, tena kwa furaha. Siandiki kama mtu aliyekuwa amesimama pembeni akiwacheka wengine.

Sasa nauliza, na ninawauliza wenzangu hasa: kazi ile ya miezi mitatu hupimwa kwa nini? Kipande cha chuma kilipokuwa na pembe mbaya, bunduki yenyewe ilinijibu. Ilifyatuka usoni pangu. Ubao ulipokatwa kwa haraka ulipasuka. Anayejenga hujibiwa na kitu anachokijenga, na jibu halina upendeleo. Lakini anayezeesha hujibiwa na nani? Hana kipimo ila jicho la mtu mwingine lililodanganyika. Kazi yake haiwezi kufaulu mpaka apatikane mtu, mahali fulani, aliyeamini kuwa ile ni silaha ya kuua. Mnasema mnatafuta uhalisi. Uhalisi wa bunduki yangu ni kwamba ni kitanda cha mninga na pampu ya upepo. Mnachotafuta ni kinyume chake.

Na mtu huyo alipatikana. Ilikuwa jioni ya mwezi wa Novemba, saa kumi na moja na giza limekwisha kuingia kama kawaida ya huku. Nilitoka bandani na bunduki mkononi kwenda nyumbani, hatua zisizofika 20, nayo ni nyua ya nyuma tunayoichangia nyumba sita. Jirani yetu, mama mmoja wa Kikongo kutoka Uvira, alikuwa akiingia na mwanawe wa miaka minne na mifuko ya sokoni. Sikumwona. Nilisikia mfuko ukianguka, nikageuka, nikamwona amelala juu ya mtoto nyuma ya mapipa ya taka, mkono mmoja umemziba mtoto mdomo. Hakupiga kelele. Mtu ambaye hajaishi na vita angepiga kelele. Nikaita, "Dada, ni ya bandia! Ni ya bandia!" Kiswahili ni lugha yake na ni lugha yangu, na hakusikia hata neno, kwa sababu macho yalikwisha kumwambia.

Siku ya pili mimi na mke wangu tulikwenda kumwomba radhi. Alitupokea kwa heshima zote, akatupa chai. "Papa, sina neno na wewe," aliniambia. "Lakini mutoto hajalala." Hakuongeza lolote, nami sikuwa na la kuongeza. Nikiwa nimekaa kwenye kochi lake na kikombe mkononi, nilijua kuwa miezi yangu mitatu ilikuwa imefaulu vizuri sana.

Niliposimulia klabuni, nilipata jibu moja kutoka kwa watu wanne: ungeitia mfukoni. Ni jibu la watu wenye magari. Bunduki hukaa kwenye buti, buti hufunguliwa msituni, na dunia haiioni. Mimi husafiri kwa basi, nami ni mtu mweusi mwenye ndevu na mfuko mrefu. Halafu mfuko wenyewe ni dawa gani? Septemba 1999 huko Hackney, London, alikuwako mtu aitwaye Harry Stanley, mpaka rangi wa nyumba, mwenye miaka 46. Alikuwa akirudi kwake na mguu wa meza uliokuwa umetengenezwa na ndugu yake, ameutia katika mfuko wa plastiki. Mtu aliyemwona baani alipiga simu polisi kusema kuna mtu mwenye bunduki ndani ya mfuko. Polisi wawili wenye silaha walimfuata, wakamwita, akageuka, wakampiga risasi akafa, karibu na nyumbani kwake. Mguu wa meza! Mimi niliyechonga bunduki kutoka kwenye matendegu ya kitanda siwezi kuisoma habari hiyo kama wengine wanavyoisoma.

Najua mtakavyoidaka. Mtasema: basi hata rangi haisaidii, kama mguu wa meza umemwua mtu. Kwa kiasi fulani mna haki. Rangi haitamponya mtu na polisi aliyekwisha kuamua anachokiona, na bunduki ya manjano ndani ya mfuko haina rangi. Kwa hiyo sasa husafiri nayo ikiwa imefunguliwa, kitako mbali, mtutu mbali. Lakini kutoka hapo hadi kusema rangi iondolewe ni kuruka mto bila daraja. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1988 ilitaka bunduki za kuchezea ziwe na ncha ya rangi ya chungwa. Oktoba 2013 mjini Santa Rosa, California, Andy Lopez, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi na askari akiwa amebeba bunduki ya easofti iliyofananishwa na AK-47, ambayo ncha yake ya chungwa haikuwapo. Novemba 2014 mjini Cleveland, Ohio, Tamir Rice, mwenye miaka 12, alikuwa akichezea bastola ya easofti kwenye bustani. Ncha yake ilikuwa imeondolewa. Gari la polisi lilifika, na risasi zikatoka katika muda wa sekunde mbili hivi. Lawama ya risasi ni ya wafyatuaji, wala siwapunguzii hata robo. Ila kabla ya siku hizo mbili kulikuwa na mikono iliyotoa ncha zile. Nani aliwafundisha watu kuwa ncha ya chungwa ni doa, ni utoto, ni kitu cha kwanza kukwangua ukifika nyumbani? Tumewafundisha sisi mafundi, kwa kuguna kwetu.

Wapo watakaosema mhalifu aweza kuipaka manjano bunduki ya kweli. Aweza. Aweza pia kuvaa joho la kadhi, na hatujawavua makadhi majoho kwa sababu hiyo.

Wapo wenye kusema, na hawa ni watu wa adabu, kuwa rangi ni dharau kwa walioibeba silaha ile. Wakinitajia babu yangu huwa nanyamaza kwanza. Kisha nawaambia waende Dar es Salaam. Pale katikati ya mji, tangu mwaka 1927, imesimama Sanamu ya Askari, kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Ameinama mbele, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Sidhani kama kuna bunduki iliyotazamwa na watu wengi zaidi nchini Tanzania, na ni ya bandia, kazi ya kupendeza kuanzia kitako hadi ncha. Wauza magazeti wamekaa chini yake, madaladala yamepita mbele yake, na hakuna mama aliyewahi kumlalia mwanawe kwa kuiona, kwa sababu inasema waziwazi kuwa ni shaba tupu. Askari wale wamedharauliwa kwa hilo?

Hata Japani, mama wa mchezo wenyewe, iliweka sheria mwaka 1971 kwamba bastola za mfano za chuma zizibwe mtutu na ziwe nyeupe au za manjano. Na hapa Uingereza, tangu Oktoba 2007, kutengeneza bunduki ya bandia yenye kufanana na ya kweli ni kosa lenyewe, hata kama ni uani kwako, isipokuwa iwe kwa ajili ya makumbusho, michezo ya jukwaani, filamu, maigizo ya historia au michezo iliyoandaliwa kama huu wetu. Ukiipaka sehemu yake kubwa rangi inayowaka, nyekundu, chungwa, manjano, kijani, waridi, zambarau au buluu, haihesabiwi tena kuwa inafanana na ya kweli. Mimi kwa uanachama wangu nilikuwa na ruhusa ya kuiacha nyeusi. Sheria haikunilazimisha, na wenzangu wanaonitajia ruhusa hiyo kila mara hawanielezi kitu nisichokijua. Yule mama wa Uvira hakuniuliza kadi ya klabu.

Kuipaka kulinichukua Jumamosi moja. Nilianza na vyuma: mtutu, komeo, kisanduku cha risasi. Hivyo havikuniuma. Ikabaki sehemu ya mbele ya mbao, na bila hiyo manjano yasingekuwa mengi kuliko weusi na wekundu. Huo ulikuwa mfumbati wa kitanda cha wazazi wangu, mishipa yake imekolea mafuta hata ikang'aa kama tende, na ndiyo kazi bora ya mbao niliyoifanya maishani. Nilisimama na brashi kwa muda mrefu. Mke wangu alipita mlangoni, akatazama, akasema, "Baba Salma, ama upake, ama uje ule." Nikaukwangua mafuta kwa msasa, nikapaka tabaka la chini, nikala, nikarudi nikapaka la juu. Kitako nilikiacha na mninga wake. Kisahani cha shaba nilikigeuza upande wa pili, nikagonga upya mwaka niliomaliza, na chini yake neno KITANDA. Namba ya babu imebaki ndani, imeelekea mbao, hakuna anayeiona.

Mwanawe yule mama sasa hunijia bandani. Ameishika mara mbili, huku mamake amesimama mlangoni akitazama. Mara ya kwanza aliikwaruza rangi kwa ukucha aone kama inatoka.

Kwa hiyo dawa ya kubandulia sihitaji, ahsante. Nakubali kuwa katika msitu wa Kiingereza bunduki ya manjano ni hasara tupu. Huwezi kujificha nayo. Nimejaribu kuifunika kwa majani, nimejaribu kuilalia kifudifudi, ncha hutokeza tu. Jumapili iliyopita nilipatwa mara 9 kabla ya chakula cha mchana, na mara zote 9 nilipaza sauti, nikainua mkono, nikatoka.